Sigara ya Kufungua Kichwa

Kilichoninyima usingizi kwa karibu mwaka mzima ni swali moja: ikiwa sigara ndiyo iliyoharibu akili ya baba yangu, yangu imeanza kuharibika lini?

Nilikuwa nalala nikijipima. Nilitaja majina ya niliosoma nao kidato cha kwanza, dawati kwa dawati, na nilipokwama kwenye jina moja nilianza upya kutoka dawati la kwanza. Mchana nikisahau neno la kawaida tu, kama kichungio cha chai, nilisimama katikati ya jikoni kama mtu aliyeibiwa. Nimesoma takwimu chuo kikuu, kwa hiyo najua kwamba kusahau mara moja si ushahidi wa jambo lolote. Hilo halikunisaidia hata kidogo.

Naandika sasa kwa sababu kipindi kibaya zaidi kimepita. Sisemi kwamba Baba amepona. Hajapona, na hakuna aliyetuahidi kwamba atapona. Nasema tu kwamba tumefika mahali tunapoweza kukaa chini na kunywa chai hadi iishe. Kama nawe una mtu nyumbani anayepotea kidogo kidogo huku pakiti ikiwa mfukoni mwake, labda utaona hapa kosa letu moja ambalo unaweza kuliepuka.

Baba alikuwa mkalimani wa mahakama. Sisi ni Wakamba, lakini alihamishiwa Nyeri akiwa karani kijana, na Kikuyu chake kikawa kizuri kiasi kwamba wazee wa Othaya walimuuliza ni wa mbari gani, ukoo upi wa Wakikuyu. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya kizimba na kubeba maneno ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuyamwaga. Alitueleza sheria yake tukiwa wadogo: shahidi akisema, "Niliiba mbuzi," mkalimani hasemi, "Anasema aliiba mbuzi." Anasema, "Niliiba mbuzi," kwa sauti ile ile, aibu na yote. Kwa miaka mingi baba yangu aliiba, alichoma, alidhulumiwa na kulia mbele ya mahakimu, kisha jioni akarudi nyumbani kula muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa.

Kabla ya kesi ngumu alivuta. Mapumziko alivuta. "Inafungua kichwa," alisema. Nyumbani hakupenda sigara iwashwe kwa kiberiti, alitaka kaa la moto. Jikoni kwetu ni nje, chumba cha mabati kando ya nyumba, na mimi ndiye niliyetumwa.

"Mwende, niwashie."

Ili isizime njiani kutoka jikoni hadi sebuleni, ilibidi uivute mara moja, mara mbili ukikutana na upepo. Nilikuwa darasa la tatu. Watoto wengine wa mtaa wetu waliokuwa na baba wavutaji walifanya vivyo hivyo, na hakuna mtu mzima aliyeona jambo la ajabu. Nilipofika chuo kikuu na mitihani ikaanza kunibana, nilijua tayari dawa ya kufungua kichwa. Nilijifunzia kwenye jiko letu.

Baba alikuwa amestaafu wakati dalili zilipoanza. Kwanza alikuwa mzito wa kujibu. Ukimuuliza kitu, ulimwona akikitafuta, macho yakienda juu ya mlango. Kisha akaanza kuvaa sweta ndani nje. Kisha jamaa fulani wa Othaya wakamwomba aje awatafsirie kwenye kikao cha mpaka wa shamba, kwa sababu mnunuzi alikuwa mtu wa kwetu na hakujua Kikuyu. Nilimsindikiza. Baba alisimama, akasikiliza vizuri, kisha akamgeukia mzee wa Kikuyu na kumweleza kila kitu kwa Kikamba. Yule mzee akangoja. Baba akarudia, kwa Kikamba, kwa sauti ya juu zaidi. Kijana mmoja akacheka.

"Ati huyu ndiye mkalimani? Si hata mimi ningefanya!"

Baba alitoka nje akavuta sigara mbili mfululizo chini ya mparachichi, akarudi, na akaweza kidogo. Ndipo tulipofanya kosa letu.

Tuliona kwamba akishavuta anakuwa macho zaidi kwa muda. Basi tukawa tunampa. Mama, mwalimu mstaafu ambaye maisha yake yote aliichukia sigara na kufukuza moshi kwa leso, ndiye aliyekuwa akimwekea moja kando ya kikombe. Baba akikwama katikati ya sentensi, Mama alisema kwa upole, "Vuta kidogo, Baba Kioko, itakuja." Nami nilikimbia jikoni kuiwasha. Kadiri akili ilivyofifia ndivyo tulivyoongeza. Tulikuwa tunamtibu.

Kisha ikaja Jumapili ya kukiri. Tulikuwa tumetoka kanisani, Mama anapakua. Baba akainuka kwenye kiti chake, mikono nyuma, akasema waziwazi:

"Nilimkata kwa panga mara mbili. Tulikuwa tunagombania mpaka wa majani chai kule Kiriaini."

Mwiko ulimwanguka Mama. Alinivuta hadi mlangoni.

"Umesikia? Mwende, umesikia baba yako?"

"Mama, amechanganyikiwa."

"Hiyo si kuchanganyikiwa. Mtu akikaribia mwisho hutoa yaliyo moyoni. Nimelala na huyu mtu miaka hii yote!"

Nilimpigia simu ndugu yangu Kioko, ambaye anafanya kazi Nanyuki. Alicheka mpaka akakohoa. "Ati mzee ameua? Huyo huyo ambaye Krismasi inafika lazima tuite jirani achinje kuku?"

Lakini Mama hakucheka. Katikati ya wiki Baba alikiri kwamba alichoma nyumba ya shemeji yake, na kwamba alimwacha mtoto mchanga kwenye kituo cha mabasi cha Kangema. Mama aliacha kula mezani naye. Akamwita mchungaji.

Mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakakaa sebuleni na Biblia magotini. Baba akasimama.

"Mimi ndiye niliyechoma nyumba."

"Lini, mzee wetu?" mchungaji akauliza kwa huzuni.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimelewa, mheshimiwa."

Mheshimiwa. Nilimtazama vizuri. Alikuwa amesimama upande, sikio la kushoto limeelekea kwenye kiti kitupu cha pembeni, uso umeelekea kwa mchungaji. Nilikuwa nimemwona akisimama hivyo siku za likizo, nilipopelekwa mahakamani kumngoja. Nikamuuliza, "Na mlalamishi anasema nini?"

Baba akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza kiti kitupu, kisha akasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke mzee: "Watoto wangu walikuwa wamelala ndani."

Mama alianza kulia. Nilidhani ni kwa nafuu, na kwa kiasi fulani ilikuwa nafuu: mumewe hakuwa muuaji. Lakini wote tuliokuwa pale tulielewa jambo jingine. Alikuwa amebeba maneno ya watu wote hao, na sasa hakujua tena yapi ni yao na yapi ni yake.

Wiki hiyo tulimpeleka hospitali. Ilikuwa Julai, ile Julai yetu ya Nyeri ambayo ukungu haunyanyuki na watu hupuliza viganja hata wakiwa ndani. Nimekaa kwenye mabenchi mengi tangu siku hiyo, na ningependa kumwambia anayeanza sasa: beba chai, beba blanketi, beba mtu wa kukushikia nafasi ukienda chooni. Kando yetu alikaa mzee kutoka Kangema aliyekuja na mke wake aliyepooza upande mmoja. Alitoa shuka moja ya mke wake akamfunika Baba magoti. Baba akamshukuru kwa Kikuyu safi. Ilikuwa mara ya mwisho kukisikia Kikuyu chake.

Tulingoja picha ya kichwa, kisha tukangoja isomwe. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye sauti ndogo. Alituonyesha madoa, hapa na hapa, mishipa midogo iliyokuwa imeziba moja moja bila sisi kujua. Sitajifanya kueleza zaidi ya hapo.

"Anavuta?"

"Tangu kabla hajanioa," Mama akasema.

"Kilichokwenda hakirudi, Mama. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki. Atakunywa dawa za presha, na sigara isiingie tena katika hiyo nyumba."

"Lakini daktari, akikwama huwa tunampa moja. Inamfungua kichwa."

Nilimwona daktari akitafuta namna ya kulisema bila kutuumiza, na nikajua kwamba hakuna.

"Inamwamsha dakika chache tu," akasema mwishowe. "Na ndiyo inayoziba hiyo mishipa."

Mama alishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia paa lisiruke. Tulipofika nyumbani akasema, "Nilikuwa namwekea kando ya kikombe," na akaingia chumbani.

Tulitupa vibiriti. Tulitupa pakiti. Lakini huwezi kumwambia mtu asiyekumbuka asubuhi yake kwamba ameacha sigara. Aliomba kila baada ya muda mfupi, kwa hasira, kwa machozi, akitikisa mlango. Ndipo Mama alipogundua uongo ulioturahisishia maisha: "Umevuta sasa hivi tu, Baba Kioko." Baba alinusa vidole vyake, akakunja uso, akakaa. Wiki zote za Agosti tuliishi kwa uongo huo.

Siku moja nilimwambia mimi. Alinusa vidole vyake. Kisha akauchukua mkono wangu, akaunusa taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimetoka nyuma ya tangi la maji, nilikokuwa nikivuta kila siku tangu nirudi kutoka chuo, nikitafuna majani ya mpera kuondoa harufu. Akaniangalia kwa macho yake ya zamani kabisa.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, akigeukia dirisha, "shahidi huyu anadanganya."

Nilitoka nje. Unajua nilikwenda wapi. Nilivuta nikilia, na huku nikihesabu ni mishipa mingapi ninayoiziba.

Kioko alikuja wakati wa mvua za vuli. Alimkuta Baba akizunguka sebuleni akipapasa mifuko, na hakuweza kuvumilia. Nilimkuta nje, ameketi na Baba kwenye ngazi, wote wawili wakitoa moshi, Baba akitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Kioko, unafanya nini?"

"Sista, muangalie. Muangalie uso. Mmemfunga hapa kama mfungwa."

"Daktari alisema—"

"Daktari, daktari! Mzee amevuta fegi tangu hatujazaliwa. Mwache afurahie hii kidogo imebaki."

"Hii kidogo imebaki ndiyo unayoichoma."

"Na wewe je?" akauliza, bila ubaya. "Huko nyuma ya tangi unaenda kuomba?"

Mama alitoka jikoni, akasimama kati yetu na mikono yenye unga, akamtazama Kioko, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba hilo la tangi alilijua siku nyingi. Kioko aliondoka kesho yake bila kuniaga.

Kiharusi kikubwa kilikuja kiangazi cha Januari, asubuhi, Baba akiwa anafunga vifungo vya shati. Mdomo ulishuka upande wa kulia, kikombe kikaanguka, na alipojaribu kusema nini kimetokea hakikutoka kitu. Tulilala hospitalini kwa zamu. Mkono wake ukawa mzito na baridi kama wa mtu mwingine. Mama alimnyoa ndevu kwa wembe kila asubuhi, akimvuta shavu lililolegea kwa kidole gumba, na hiyo ndiyo picha ya ndoa yao ninayoibeba. Muuguzi mmoja alimwita "mwalimu" ingawa hakuwa mwalimu, naye Baba alinyoosha shingo kila aliposikia.

Maneno yaliporudi yalirudi machache. Kiingereza kilikuwa kimekwenda. Kikuyu kilikuwa kimekwenda. Yalibaki maneno ya Kiswahili ya nyumbani, na Kikamba cha utotoni. Mtu aliyekuwa daraja la watu wa milima hii yote hakuweza tena kumsalimia jirani.

Kioko alikuja hospitalini akasimama miguuni pa kitanda. Alikuwa akilia wazi, mwanamume mkubwa mwenye koti la kazi. "Alikuwa ananiomba, sista. Baba yako akikuomba kitu utafanya nini?" Nilimshika. Sikujua la kufanya pia. Huenda sigara zile za ngazini ndizo zilizoleta kiharusi, huenda zote zilizotangulia, huenda ile ya kando ya kikombe. Nimelifikiria hilo kwa kila njia anayoweza kulifikiria mtu aliyesomea uwezekano, na bado sijui.

Siku tuliyomrudisha kliniki nilibaki nyuma, Mama alipokuwa akisukuma kiti cha magurudumu nje. Nilimuuliza daktari kuhusu mimi. Nilimwambia yote haraka haraka: kichungio cha chai, majina ya kidato cha kwanza, jinsi nilivyokwama kwenye usaili wa kazi nikitafuta neno rahisi hadi wakaniambia asante.

"Unalala?"

"Silali."

"Basi anza na hapo. Kwa umri wako, hofu na kukosa usingizi hufanya hivyo. Na sigara, umevuta muda gani?"

Nilipomwambia tangu darasa la tatu alidhani natania. Nilimweleza habari za kaa la moto. Hakucheka. Aliniambia kwamba nikiacha, wiki za kwanza kichwa kitakuwa na ukungu zaidi, nitasahau zaidi, nitafikiri nimeharibika kabisa, na ndipo wengi hurudi wakidhani sigara inawafungua. "Inalipa deni iliyolileta yenyewe," akasema. "Usidanganyike."

Hata hivyo nilirudi nyuma ya tangi. Nilivuta Februari yote. Nilijiambia nitaacha nikipata kazi, nikipata usingizi, Baba akipata nafuu. Niliogopa ukungu huo kuliko nilivyoogopa madoa kwenye picha. Kama sehemu hii inakukatisha tamaa, nami ilinikatisha. Kuona mwisho wa njia kila siku, Baba ameketi kitini na kitambaa cha kulishiwa shingoni, na bado unawasha.

Mvua ndefu zilianza. Jumamosi moja Mama alikuwa amekwenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, maharagwe yakichemka jikoni. Baba alikuwa amevalishwa koti lake la zamani la mahakamani kwa sababu ya baridi. Niliporudi sebuleni nilikuta ameshika sigara moja iliyopinda, kwa mkono wake mzima. Ilikuwa imeingia kwenye bitana ya koti, labda ya wakati ule wa Kioko, labda ya zamani zaidi.

Alininyooshea.

"Mwende. Niwashie."

Alikuwa hajalitaja jina langu tangu Januari.

Nilichukua. Nilivuka uani kwenye mvua nikiwa nimeikinga kwa kiganja, kama zamani, nikachuchumaa mbele ya jiko. Nitasema ukweli: niliiweka mdomoni. Niliinama hadi joto likanipiga usoni. Nilifikiri, ya mwisho, yake na yangu, nani atajua. Nilimfikiria akinusa vidole vyangu.

Nikaitoa mdomoni nikaisukuma ndani ya makaa, chini kabisa. Kisha nikatoa pakiti yangu mfukoni nikaisukuma pia. Moshi uliojaa mle ndani ulikuwa mwingi, nikatoka nje kuukwepa, nikasimama mvuani mpaka mlango ukaacha kutoa moshi. Nilitamani nyingine tayari, na hata saa moja haijapita tangu nivute.

Baba alikuwa akingoja, mkono wazi.

Uongo ulikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Umevuta sasa hivi tu.

"Nimeichoma, Baba. Sikupi tena. Na mimi nimeacha."

Uso wake ulikunjamana upande mmoja, ule uliobaki mzima. Alipiga mkono wa kiti. Alinitukana kwa Kikamba neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilivuta kigoda nikaketi karibu na magoti yake, pale anapoweza kunifikia, nikanyoosha mkono wangu. Aliunusa. Uliokuwa juu yake ni moshi wa kuni na maharagwe na mvua. Alinusa tena, muda mrefu, kisha akageuza uso kuelekea kiti kilichokuwa kitupu na kuyarudia maneno yangu kwa Kikamba, taratibu, bila kumwaga hata moja.

Tuliketi. Maharagwe yaliungua. Baada ya muda mkono wake ulirudi kwenye mfuko wa koti, ukatafuta, ukatoka mtupu, akanitazama kama mtu aliyeingia chumbani sasa hivi.

"Mwende, niwashie."

"Hapana, Baba."

Akanikasirikia upya. Nilibaki kwenye kigoda, mikono nimeibana kati ya magoti, nikingoja aniulize tena.